Kufundisha historia ya Ulaya kidato cha kwanza hadi cha nne: mwongozo kwa walimu wa Nyanda za Juu Kusini

Muulize mwanafunzi wa Mufindi au Rungwe Bismarck alikuwa nani, naye atakujibu haraka: ndiye kansela wa Ujerumani aliyeitisha Mkutano wa Berlin. Muulize kwa nini aliuitisha, au Ujerumani yenyewe ilikuwa na miaka mingapi wakati ule, hapo atanyamaza. Si kosa lake. Tumemfundisha Ulaya kama mahali wanapotoka watu wa kuja kututawala, hatujamwonesha kwamba huko nako kulikuwa na njaa, ugomvi wa dini, watoto waliofanya kazi za viwandani na wafalme walioogopana. Asipojua kilichokuwa kinatokea kwao, hata ukoloni wenyewe ataukariri tu bila kuuelewa.

Ninachopendekeza hapa ni njia moja: Ulaya ifundishwe kwa uzito wake, ila mlango wa kuingilia uwe wa hapa hapa kwetu. Mikoa ya Iringa, Njombe, Mbeya na Songwe ina milango hiyo mingi kuliko walimu wengi wanavyodhani. Kuna boma la Wajerumani mjini Iringa, makanisa ya kimisheni, mashamba ya chai, makaburi ya wanajeshi, mto wa mpakani. Mwanafunzi anapita hapo kila siku.

Hatua ya kwanza: panga kabla ya muhula

Ulaya katika muhtasari wetu haiji kwa mkupuo. Inajitokeza vipande vipande: kidogo kwenye biashara ya utumwa, kidogo kwenye ubepari wa viwanda, halafu kugawanywa kwa Afrika, halafu vita kuu na mdororo wa uchumi. Mwanafunzi anakutana na Uingereza ya viwanda kidato cha pili na Uingereza ya vita kidato cha nne, na hakuna aliyemwambia kwamba ni nchi ile ile.

Kwa hiyo kabla hujaandika azimio la kazi, chukua karatasi moja uandike matukio ya Ulaya ambayo hutaki mwanafunzi wako amalize kidato cha nne bila kuyaelewa. Yasizidi saba. Yangu ni haya: Matengenezo ya Kanisa, Mapinduzi ya Ufaransa, Mapinduzi ya Viwanda, muungano wa Ujerumani pamoja na Mkutano wa Berlin, Vita Kuu ya Kwanza, mdororo wa 1929, na Vita Kuu ya Pili. Andika mbele ya kila moja kitu kimoja kilichopo wilayani kwako kinachohusiana nalo. Mapinduzi ya Ufaransa ndiyo magumu kupata mlango wa karibu, nami huyafundisha kwa bei ya mkate: mavuno mabaya ya 1788, mkate ukapanda bei, na Julai 14, 1789 watu wa Paris wakalivamia gereza la Bastille. Watoto wanaojua nyumbani panakuwaje gunia la mahindi linapopanda bei mwezi wa pili hawahitaji maelezo marefu.

Hatua ya pili: kamba ya miaka

Nunua mita tano za kamba ya katani. Kila sentimita moja ni mwaka mmoja, kwa hiyo kamba yako inaanza 1500 na kuishia 2000. Ifunge ukutani kwa misumari miwili, juu kidogo ya vichwa vya wanafunzi. Kata vikaratasi vya manila vya rangi mbili: bluu kwa matukio ya Ulaya, nyekundu kwa ya kwetu. Wanafunzi wenyewe wapime kwa rula na kuvining'iniza kwa vibanio vya nguo.

Usibandike vyote siku moja. Kila mada mpya ilete vikaratasi vyake, na kamba ibaki ukutani mwaka mzima. Baada ya miezi michache darasa litaanza kuona lenyewe mambo ambayo hukuyasema. Mfano ulio bora kwa Iringa ni huu. Ujerumani ilitangazwa kuwa dola moja Januari 18, 1871. Vita vya Lugalo, ambapo Mkwawa na Wahehe walikiangamiza kikosi cha Emil von Zelewski, ni Agosti 17, 1891. Kwenye kamba ni sentimita 20, urefu wa kalamu ndefu. Waache wakuambie wenyewe: dola iliyopigwa Lugalo ilikuwa na miaka 20 tu. Hapo swali la kwa nini Ujerumani ilikuwa na haraka ya kupata makoloni linaanza kuwa na maana, kwa sababu Uingereza, Ufaransa na Ureno zilikuwa zimetangulia kwa miaka mingi.

Hatua ya tatu: ramani, na ukubwa wa nchi

Ramani ya Ulaya ichorwe, isibandikwe tu. Piga mistari ya miraba kwenye ramani ya atlasi kwa penseli, piga miraba mikubwa kwenye manila, kisha kundi la wanafunzi wanne wahamishe mraba kwa mraba. Inachukua vipindi viwili vya mfululizo na inafaa kila dakika. Chora mbili: ya 1914 na ya baada ya 1919. Ziweke pamoja, waulize nchi gani zimezaliwa (Poland, Czechoslovakia) na dola gani limetoweka (Austria na Hungary).

Kisha fanyeni hesabu ya ukubwa, maana watoto wetu wengi hudhani nchi iliyotutawala lazima ilikuwa kubwa kuliko yetu. Tanzania ina kilomita za mraba zipatazo 945,000. Ujerumani ya leo ina 357,000 hivi, na Uingereza 244,000 hivi. Ziunganishe zote mbili bado hazitufikii. Ubelgiji ina kama 30,700, ni ndogo kuliko mkoa wa Iringa peke yake, lakini mfalme wake Leopold II aliishika Kongo yote. Acha darasa libishane: kama si ukubwa wa ardhi, ni nini kilichowapa nguvu? Usiwape jibu siku hiyo. Swali hilo ndilo linalowapeleka kwenye viwanda.

Hatua ya nne: viwanda kwa kupitia chai

Kama uko Mufindi au Rungwe, una kiwanda cha chai karibu. Omba ruhusa kwa barua kupitia mkuu wa shule, taja idadi ya wanafunzi na muda, na uende mwenyewe kwanza uone njia watakayopita. Usiwapeleke wakashangae tu. Wape kazi: kundi la kwanza lifuate jani kuanzia linapopimwa kwenye mizani mpaka linapofungwa kwenye mfuko, na kundi la pili lifuate moto, yaani kuni za mikaratusi zinazoingia kwenye boila, mvuke unaotoka, na kazi unayofanya. Kundi la tatu lifuate watu: nani analipwa kwa kilo, nani kwa mwezi, zamu zinabadilika saa ngapi, nani anazimudu mashine.

Mkirudi darasani ndipo Manchester inapoingia. Hati miliki ya James Watt ya injini ya mvuke iliyoboreshwa ni ya 1769. Reli ya Liverpool na Manchester ilifunguliwa 1830. Mtu aliyekuwa akifuma nyumbani kwa muda wake sasa anaingia kiwandani kwa kengele. Mambo matatu waliyoyafuata, malighafi, nishati na kazi, ndiyo maelezo ya Mapinduzi ya Viwanda kwa mwanafunzi wa kidato cha pili, na watayatumia tena watakapofika kwenye sababu za ukoloni: malighafi zitoke wapi, bidhaa ziuzwe wapi.

Halafu wape sheria ya viwanda ya Uingereza ya 1833. Ilikataza watoto chini ya miaka 9 kuajiriwa kwenye viwanda vingi vya nguo. Wa miaka 9 hadi 13 wasizidi saa 9 kwa siku, na wa 13 hadi 18 wasizidi saa 12. Waambie wanyooshe mikono kwa umri: wewe ungefanya saa ngapi? Kumbuka hiyo ni sheria iliyowekwa ili kuwahurumia. Wapige hesabu hali ilikuwaje kabla yake. Somo hili ni la lazima, hata kama muda ni mdogo, kwa sababu linamwonesha mwanafunzi Mzungu aliyenyonywa na Mzungu mwenzake, na kuanzia hapo hatasema tena kwamba watu wote wa Ulaya walikuwa kitu kimoja.

Hatua ya tano: Berlin bila uongo wa ramani mezani

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, maana ndipo makosa yalipojazana. Vitabu vingi vya kukariria vinamwacha mwanafunzi akiamini kwamba kati ya Novemba 15, 1884 na Februari 26, 1885 mabwana fulani walikaa Berlin na rula wakachora mipaka yote ya Afrika. Haikuwa hivyo. Mkutano uliweka masharti: biashara huru kwenye bonde la Kongo, meli kupita kwa uhuru katika mito ya Kongo na Niger, na kwamba anayedai eneo jipya la pwani awaarifu wenzake na aoneshe kwamba analishika kweli. Mipaka mingi ilichorwa baadaye kwa mikataba ya nchi mbili mbili.

Fanyeni igizo, lakini liwe na kadi. Gawa darasa kwenye makundi sita. Ureno: tulifika mdomo wa mto Kongo 1482, ni wetu. Ufaransa: mpelelezi wetu Brazza ametia saini mkataba na Makoko, mfalme wa Wateke, 1880 kaskazini ya mto. Uingereza: tunataka kufanya biashara bila kutozwa ushuru, na tuliwahi kuelewana na Ureno Februari 1884. Ujerumani: tumeungana juzi tu, mwaka huu tumechukua Togo, Kamerun na Kusini Magharibi ya Afrika, na tunataka Ufaransa na Uingereza wasitubane. Kundi la tano ni wajumbe wa Leopold, ambao kazi yao ni kuongea na wengine pembeni mpaka wote wakitambue chama chake kinachodai Kongo. Kundi la sita ni Waafrika. Hao wasimame nje ya dirisha, wasikie kila kitu, wasiruhusiwe kusema neno. Baada ya dakika ishirini waite ndani na uwape nafasi ya kwanza ya kuzungumza. Walichonacho kifuani baada ya kunyamazishwa muda wote huo kitawafundisha wengine kuliko maelezo yako.

Mkimaliza, bandikeni vikaratasi vitatu kwenye kamba. Novemba na Desemba 1884, wakati wenzake wako mezani, Karl Peters alikuwa Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami akikusanya mikataba. Februari 27, 1885, siku moja tu baada ya mkutano kufungwa, Kaiser alitoa hati ya ulinzi juu ya maeneo hayo. Na Julai 1, 1890 Ujerumani na Uingereza zilitia saini mkataba unaohusu Zanzibar na Heligoland.

Mkataba huo wa 1890 ndio wa kwenu, ninyi wa Kyela na Tunduma. Ndio unaoutaja mto Songwe kuwa mpaka. Ndio ulioiachia Uingereza njia iliyoitwa Stevenson, iliyounganisha Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, na kwa sababu ya njia hiyo mpaka wetu na Zambia umekaa pale ulipo. Mwanafunzi wa Kyela mwenye shangazi ng'ambo ya Songwe ana swali la historia ya Ulaya nyumbani kwao. Mpe kazi ya wiki: amuulize mtu mzima wa ukoo nani yuko upande ule, wanasalimiana kwa lugha gani, na msiba ukitokea wanavukaje.

Hatua ya sita: dini, kwa uangalifu

Darasa lako lina Wakatoliki, Walutheri, Wamoravian, Wapentekoste na Waislamu. Usifundishe Matengenezo ya Kanisa kana kwamba unahubiri. Fundisha kwa maswali ya safari: kanisa hili limetoka wapi? Wamoravian waliofika Rungwe 1891 walikuwa na mizizi Herrnhut huko Saxony, na nyuma zaidi kwa wafuasi wa Jan Hus, mhubiri wa Bohemia aliyelikosoa Kanisa akachomwa moto Konstanz mwaka 1415. Huyo yuko nje ya kamba, kwa hiyo kikaratasi chake kiwekwe sentimita 85 kushoto ya mwanzo, watoto hawasahau. Martin Luther, mwanzilishi wa Walutheri, anakuja 1517. Wa Iringa waulize kwa nini misheni ya Tosamaganga ilianzishwa na Wabenediktini Wajerumani, kisha ikawa mikononi mwa Wakonsolata wa Italia. Jibu si la dini hata kidogo: Ujerumani ilishindwa vita. Na hapo umefika 1914.

Hatua ya saba: vita kuu na ibara ya 246

Sababu za vita ziende haraka: miungano, mashindano ya silaha na makoloni, utaifa, kisha mauaji ya mrithi wa kiti cha Austria na Hungary mjini Sarajevo Juni 28, 1914. Yanafahamika na yako vitabuni. Ongeza kwamba Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki, alisalimu amri Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, Novemba 25, 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kusitisha vita, na kwamba wapagazi waliokufa kwa njaa na maradhi walikuwa wengi mno. Makaburi ya vita yaliyopo Iringa mjini yanafaa kutembelewa kwa saa moja. Wanafunzi wanakili nchi na miaka, kisha waulizwe wapagazi wamezikwa wapi.

Muda mwingi uende kwenye chanzo kimoja cha maandishi: Mkataba wa Versailles, uliotiwa saini Juni 28, 1919, miaka mitano kamili baada ya Sarajevo, na katika Ukumbi wa Vioo ule ule ambamo dola ya Ujerumani ilitangazwa 1871. Ibara ya 246 inaitaka Ujerumani, ndani ya miezi sita tangu mkataba uanze kutumika, iikabidhi serikali ya Uingereza fuvu la Sultani Mkwawa. Andika maana ya ibara hiyo ubaoni, na chini yake maswali manne tu. Nani ameandika? Kwa nini Waingereza walitake fuvu la mtu aliyepigana na Wajerumani? Kwa nini likabidhiwe Uingereza, si kwa Wahehe? Nani hakuwepo chumbani? Wape dakika kumi wawili wawili kabla hujapokea jibu lolote.

Mkwawa alijiua Julai 19, 1898. Fuvu lilirudi Kalenga Juni 19, 1954, mikononi mwa Gavana Edward Twining, likitokea jumba la makumbusho la Bremen. Pima kwenye kamba kutoka 1919 hadi 1954. Mkienda makumbusho ya Kalenga, waambie wanafunzi mapema kwamba wanakwenda mbele ya mabaki ya marehemu mwenye ukoo ulio hai: kofia zivuliwe, kusiwe na picha bila ruhusa, wala vicheko. Asiyetaka kuingia asilazimishwe.

Hatua ya nane: mdororo na vita ya pili

Chunya inatosha kwa mdororo. Bei za mkonge na kahawa zilianguka baada ya 1929, lakini dhahabu ilikwenda kinyume: Uingereza iliacha kuifunga pauni na dhahabu Septemba 1931, na Marekani ikapandisha bei ya wakia kutoka dola 20.67 hadi 35 mwaka 1934. Ndiyo maana machimbo ya dhahabu ya Lupa, huko Chunya, yalichangamka wakati dunia inalia. Mpe mwanafunzi namba hizo mbili na umuulize mchimbaji wa Lupa alionaje mwaka 1934, na mkulima wa mkonge alionaje.

Kwa vita ya pili mlango wetu ni Ifunda na Kidugala. Septemba 1, 1939 Ujerumani iliivamia Poland, na Septemba 17 Urusi ya Kisovieti ikaingia kutoka mashariki. Familia nyingi za Kipoland zilipelekwa Siberia na Kazakhstan. Hitler alipoigeukia Urusi mwaka 1941, Stalin aliwaachia. Wakapita Iran, na kuanzia 1942 maelfu, wengi wao wanawake na watoto, wakaletwa Afrika Mashariki. Kambi mbili, Ifunda na Kidugala, zilikuwa huku kwetu. Somo hili huwabadilisha watoto nyuso, kwa kuwa wamezoea kusikia mkimbizi ni Mwafrika. Kutoka hapo ingia kwenye mauaji ya Wayahudi milioni 6 kwa lugha ya wazi na tulivu, bila picha za maiti kwa watoto wa umri huu.

Hatua ya tisa: lugha na kusahihisha

Wengi wametoka darasa la saba wakisoma kwa Kiswahili, na mtihani ni wa Kiingereza. Mjadala ufanyike kwa lugha watakayofikiri nayo vizuri, kisha dakika kumi za mwisho kila mmoja aandike sentensi tatu za Kiingereza kwa kutumia maneno matano uliyoyaweka pembeni mwa ubao. Ukiwabana waongee Kiingereza tangu mwanzo, watakaoongea ni wale wanne wa kila siku.

Maswali ya kutaja sababu sita yapo na yataendelea kuwepo, kwa hiyo wazoeze. Lakini kila jaribio liwe na swali moja la kuunganisha, mfano: eleza jinsi muungano wa Ujerumani ulivyochangia vita vya Lugalo. Katika alama 10, toa 3 kwa tarehe na majina sahihi, 5 kwa viungo vya sababu na matokeo vilivyoelezwa, na 2 kwa kutaja upande ambao sauti yake haisikiki kwenye vyanzo. Waoneshe mgawanyo huo kabla ya mtihani. Karatasi ukizirudisha, mwenye jibu bora alisome mbele ya wenzake, kisha wengine wapewe siku mbili waandike upya na uzisahihishe tena. Kazi ni kubwa kwa darasa la wanafunzi sitini; gawa madaftari kwa mikondo, usichukue yote kwa wakati mmoja.